Sanaa ya Kidijitali na Wanyama Wanaopoteza Misitu: Dhana Potofu na Ukweli

Mchoro unaozungumzia ukataji wa misitu ni dai, na dai hupimwa. Akitokea mtazamaji mmoja anayewajua wanyama akaona pembe zimepinda visivyo, au ramani imekolezwa rangi kupita kiasi, hoja nzima inaanguka hata kama nia ilikuwa njema. Dhana zifuatazo ndizo zinazoangusha kazi nyingi za aina hii.

Dhana: Wanyama hupoteza lile eneo lililofyekwa tu, kwa hiyo kisiki na msumeno vinatosha

Hii ndiyo iliyozoeleka kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. Msitu ukishakatwa, jua na upepo huingia ubavuni. Udongo hukauka, miti mikubwa ya ukingoni huanguka, na mimea inayotambaa hushika nafasi yake. Wanyama waliozoea kivuli na unyevu hurudi ndani zaidi, na huko ndani nako kunasinyaa haraka kuliko jicho linavyodhani.

Piga hesabu kabla ya kushika kalamu. Chukua msitu wa mraba, kilomita 1 kwa kilomita 1, yaani hekta 100. Tuseme athari za ukingo zinaingia mita 100 kutoka kila upande. Kiini kinachobaki ni mita 800 kwa 800, sawa na hekta 64. Sasa pitisha barabara ya upana wa mita 30 katikati. Miti iliyokatwa ni ya hekta 3 tu. Lakini umepata vipande viwili, kila kimoja na upana wa mita 485, na ukiondoa mita 100 za kila ukingo, kila kipande kinabaki na kiini cha mita 285 kwa 800. Ukijumlisha viwili ni hekta 45.6. Hekta 3 zilizokatwa zimeondoka na hekta 18.4 za kiini.

Tofauti hiyo ndiyo ya kuchora. Katika programu ya kuchorea, fungua turubai ya pikseli (nukta za picha) 1200 kwa 1200 na uweke msitu wa pikseli 1000 kwa 1000 katikati, ili pikseli moja iwe mita moja. Usijaze turubai yote kwa msitu: programu nyingi zikiambiwa zipunguze eneo lililochaguliwa, haziligusi pale linapokutana na mpaka wa turubai, na kiini chako kitatoka kikubwa kuliko ukweli. Weka msitu kwenye tabaka la kwanza kwa rangi ya ukingo. Kisha lichague eneo hilo, lipunguze kwa pikseli 100, na ujaze kiini kwenye tabaka la pili kwa kijani kizito. Kata barabara ya pikseli 30, rudia upunguzaji, halafu weka matokeo mawili bega kwa bega. Rangi mbili zenye mpaka mkali zinafaa kuliko rangi inayofifia polepole. Kufifia kuna ukweli zaidi wa kisayansi, lakini mtazamaji hawezi kukisoma.

Hili halikukisiwa mezani. Karibu na Manaus, Brazil, mradi ulioanzishwa mwaka 1979 na mwanabiolojia Thomas Lovejoy umefuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100. Hata vile vya hekta 100 hupoteza nusu ya aina za ndege wa chini ya msitu ndani ya miaka isiyofika 15.

Kuhusu msumeno wenyewe: kwa mujibu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, karibu asilimia 90 ya uangamizaji wa misitu duniani hutokana na kupanua kilimo na malisho. Mchoro unaoishia kwenye gogo umemtaja mkataji na kuliacha shamba lililomleta.

Dhana: Kijani kwenye picha ya setilaiti ni msitu, na wekundu ni moto

Shamba la michikichi ni kijani. Shamba la mikalitusi pia. Ukitumia data ya Global Forest Watch, tovuti inayofuatilia misitu kwa setilaiti, kumbuka kwamba inachoonyesha ni kupotea kwa miti iliyofunika ardhi, na ndani yake mna miti ya kupandwa iliyovunwa na miti iliyoungua. Kuiita yote uangamizaji wa misitu ni kosa ambalo mpinzani atalirukia mara moja. Nao wekundu mara nyingi ni mimea yenye afya. Ukipanga bendi (mikanda ya mwanga) za setilaiti ya Sentinel-2 kwa mfuatano wa 8, 4 na 3, mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaorudishwa na majani mabichi huonekana mwekundu. Mpangilio huo ukiutumia bila maelezo, watu wataona msitu mzima ukiteketea.

Picha za kabla na baada ndizo zenye mitego mingi. Chagua mwezi uleule katika miaka yote miwili, kwa sababu miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na msitu mzima kabisa ukaonekana umekufa. Tumia mpangilio uleule wa bendi na fremu ileile. Zima urekebishaji wa mwanga wa kujiendesha, maana programu huirekebisha kila picha kivyake na kuzidisha tofauti ambayo ardhini haipo. Pikseli ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Usilinganishe ya kwanza na ya pili kana kwamba ni kamera moja. Na katika pikseli ya mita 10 hata tembo haonekani. Setilaiti inaishia kwenye miti, na kumweka mnyama pichani ni kazi ya msanii.

Dhana: Mnyama yeyote wa kuvutia atafaa

Orangutani yuko Borneo na Sumatra tu. Lemuri yuko Madagaska na visiwa vya Komoro, ndege tukani yuko Amerika. Kuwaweka kwenye mti mmoja ni kuchora bustani ya wanyama.

Programu za akili unde huchanganya hata maumbo. Tembo wa misituni, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimworodhesha kama spishi tofauti mwaka 2021, ana pembe nyembamba zilizonyooka kuelekea chini na masikio ya mviringo. Programu hupenda kukupa tembo wa savana. Mbega hana kidole gumba, ana kinundu tu, lakini picha za kompyuta humpa mkono wa binadamu wenye vidole vitano. Kagua kwa utaratibu: mkono, mguu, mkia, masikio, kisha mti aliokalia.

Mti wenyewe una maana. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kuziba mlango kwa udongo na kinyesi, akiacha ufa mwembamba wa dume kupitishia chakula. Tundu la kumtosha linapatikana kwenye mti mzee, mnene. Ukimchora kwenye mche wenye shina la unene wa mkono, umeifuta hoja yako mwenyewe: msitu unaweza kuwa na miti mingi na hondohondo akakosa pa kuzaa.

Pia muweke mnyama mbali na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la PLoS ONE ulionyesha kwamba waliotazama picha ya sokwe mtu akiwa na binadamu karibu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 35.5, wa kuamini kwamba sokwe wa porini wako salama, kuliko waliotazama picha ileile bila binadamu. Huruma uliyoikusudia inageuka kuwa hamu ya kumfuga.

Dhana: Takwimu huua sanaa

Zinaiua zikimwagwa ukutani. Mbinu inayofanya kazi, iliyotumiwa na shirika la uhifadhi la WWF Japan mwaka 2008, ni kumchora mnyama kwa pikseli zenye idadi sawa na wanyama waliobaki. Orangutani wa Tapanuli, Sumatra, aliyetambuliwa kama spishi mwaka 2017, wamebaki chini ya 800. Punguza picha yake hadi pikseli 32 kwa 25, ambazo ni 800 kamili, kisha ikuze mara 40 ifike 1280 kwa 1000. Hapa ndipo wengi hukosea: programu hulainisha kingo inapokuza, na unapata ukungu badala ya vibonge vinavyohesabika. Chagua ukuzaji unaonakili pikseli bila kulainisha, zidisha kwa namba nzima, na hifadhi kama PNG, kwa kuwa JPEG huchafua mipaka ya rangi. Uso wa karibu husomeka vizuri, mwili mzima hauonekani ni nini.

Dhana: Picha ikitisha zaidi, watu watachukua hatua zaidi

Hofu huvuta jicho na kuilegeza mikono. Watafiti Saffron O'Neill na Sophie Nicholson-Cole waliliona hilo mwaka 2009 katika picha za mabadiliko ya tabianchi, na hatuoni sababu ya misitu kuwa tofauti. Mzoga mmoja unatosha katika mfululizo wa picha kumi. Zilizobaki zionyeshe kinachofanyika: daraja la miti juu ya barabara kuu, msitu unaoota upya, au gorila wa milimani ambao hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 iliwafikisha 1,063 baada ya miongo ya ulinzi.

Dhana: Sanaa ya kidijitali ni ya macho

Mwaka 1988 Bernie Krause, mrekodi wa sauti za asili, alirekodi sauti za Lincoln Meadow, California, kabla ya kampuni kukata miti ya kuchagua. Aliporudi mwaka uliofuata, mandhari yalionekana yaleyale, lakini ndege wengi hawakusikika. Kamera isingekuwa na la kusema hapo.

Spektrogramu huigeuza sauti hiyo kuwa picha: muda unalala, masafa yanasimama, mwangaza ni ukubwa wa sauti. Rekodi kwa WAV, kwani MP3 hukata masafa ya juu ambako wadudu wengi hulia. Ukirekodi kwa kasi ya sampuli ya kHz 44.1 (vipimo 44,100 kwa sekunde), unanasa masafa hadi karibu kHz 22. Popo wengi wako juu ya hapo, na kwao tumia kasi ya kHz 192 au zaidi. Unapolinganisha rekodi mbili, kipimo cha mwangaza kiwe kimoja, na ziwe za saa ileile. Alfajiri ikilinganishwa na adhuhuri, msitu wowote utaonekana umenyamaza.

Dhana: Kutaja mahali hasa huipa kazi uzito

Hilo linafaa kwa barabara na mashamba, halifai kwa kiota. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake latitudo na longitudo, na wawindaji na wakusanyaji wa mijusi na okidi huzisoma. Hamisha faili bila data za mahali, kisha ifungue upya uhakikishe zimefutika. Taja jina la nchi au la hifadhi kubwa, si mto wala kilima. Angalia na mandhari ya nyuma pia: mwamba wenye umbo la kipekee humwelekeza mtu anayeijua sehemu, hata kama faili haina namba yoyote.