Mtoto wa pumu ya ngozi na kujikuna usiku: maswali na majibu

Maswali mengi hapa ni ya mama mmoja mwenye mtoto wa miaka minne. Alinionyesha shuka analolalia mwanawe: nukta nukta za damu usawa wa viwiko na magoti, na unga mweupe wa ngozi umejaa kwenye mikunjo. Nimeongezea machache ninayoulizwa mara kwa mara.

Pumu ya ngozi ndiyo ile ile pumu ya kifua?

Hapana, ila ni ndugu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi yuko kwenye hatari zaidi ya kupata pumu ya kifua au mafua ya mzio baadaye, na mara nyingi ukiuliza kwenye ukoo utampata mwenye mojawapo. Ngozi yake haishiki maji vizuri. Unyevu unatoka, vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia, na kinga ya mwili inapandisha hasira. Haiambukizi. Mwenzake akilala naye kitanda kimoja hapati kitu.

Nampa piritoni kila usiku. Analala, lakini anajikuna usingizini. Dawa imeisha nguvu?

Dawa ni nzima, ila inafanya kazi ambayo sio. Piritoni inazuia histamini, kemikali inayokuvimbisha ukiumwa na mbu au ukitokwa na vipele vya mzio. Muwasho wa pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa hauendeshwi na histamini. Usingizi unaouona ni usingizi wa dawa, wala hauna maana kwamba muwasho umepungua.

Kwamba kuna muwasho usio wa histamini, sisi wa huku tumeujua kwa ngozi zetu kabla ya maabara. Chukua upupu. Aliyewahi kupita kichakani likamgusa ganda lake hasahau. Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, wa Marekani, walionyesha kuwa vinyweleo vya ganda hilo vina kimeng'enya kinachokata protini, wakakiita mukunaini. Baadaye ikajulikana kuwa kimeng'enya hicho hubonyeza vipokezi vya neva moja kwa moja, bila kuihitaji histamini. Au kumbuka klorokwini, kama umri wako unaruhusu. Kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, wangapi walimeza vidonge jioni wakakesha wanakuna viganja na nyayo, na mwilini hakuna hata kipele? Piritoni ilikuwa haisaidii sana. Mwaka 2009 kundi la Xinzhong Dong, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilikipata kwenye neva za panya kipokezi ambacho klorokwini inakishika, na hakikuwa cha histamini.

Bibi yake anasema ni tabia tu. Tumchape vidole ataacha.

Tafadhali msimchape. Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa huu, na tulilala chumba kimoja. Usiku nilikuwa namsikia anasugua vifundo vya miguu kwenye kamba za kitanda, kwenda na kurudi, macho yamefumba. Asubuhi anaulizwa kwa nini amejichubua, hakumbuki. Utamwadhibu vipi mtu kwa alilolifanya amelala?

Na hata akiwa macho, mwili wake unamvuta kujikuna. Kucha inaleta maumivu kidogo, na maumivu yanazima muwasho kwenye uti wa mgongo kwa muda. Ndiyo maana kujikuna ni kutamu. Kisha ubongo unajibu yale maumivu kwa kumwaga serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva. Zhou-Feng Chen na wenzake wa St. Louis, Marekani, walionyesha mwaka 2014, kwa panya, kwamba serotonini hiyo hiyo inazichochea neva za muwasho kule kwenye uti wa mgongo. Raha ya dakika moja, na muwasho unarudi na nguvu mpya. Watu wazima wenye akili zao wanashindwa kuvunja mzunguko huu, sembuse mtoto wa miaka minne.

Kujikuna kunaongeza ugonjwa, au ni dalili tu?

Hili lilibishaniwa muda mrefu, na jibu zuri lilichapishwa Januari 2025 na kundi la Daniel Kaplan wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Walichofanya ni rahisi kukiona akilini. Walipaka kitu cha kuleta mzio kwenye masikio ya panya. Wengine wakaachwa wajikune watakavyo. Wengine wakavishwa kola shingoni, pana kama mdomo wa faneli, ile wanayovishwa mbwa waliofanyiwa upasuaji, mguu ukawa haufiki sikioni. Wengine tena walikuwa wameondolewa neva za muwasho, kwa hiyo hawakusikia hamu ya kujikuna.

Mzio ni ule ule, masikio ni yale yale. Kwa waliojikuna sikio lilivimba na kujaa chembe nyeupe za damu. Kwa wenye kola, na kwa wasiosikia muwasho, uvimbe ulikuwa mdogo zaidi. Kwa hiyo kujikuna kwenyewe ni sehemu ya ugonjwa.

Sababu yake ndiyo iliyonishika mimi. Ndani ya ngozi kuna seli ziitwazo seli za masti, mfano wa walinzi wenye king'ora. Mzio peke yake unaziamsha, lakini nusu nusu. Kucha ikipita, neva za maumivu zinamwaga kemikali iitwayo dutu P, na hiyo inaziamsha seli zile zile kwa mlango wa pili. Milango miwili ikifunguliwa pamoja, king'ora kinalia kwa sauti kubwa: uvimbe, joto, muwasho zaidi. Ndiyo maana kipele cha mbu usichokigusa hunywea haraka, na ulichokishambulia kwa kucha kinakaa siku kadhaa.

Basi kujikuna hakuna faida hata kidogo?

Ipo kidogo, na ni haki kuisema. Katika utafiti huo huo, panya waliojikuna walikutwa na bakteria wachache zaidi wa aina ya Staphylococcus aureus juu ya ngozi. Pengine ndiyo sababu viumbe wengi hivi hujikuna. Lakini kwa mtu anayejikuna miezi na miaka, madhara yanaizidi faida hiyo mbali.

Bakteria huyo mwenyewe ana kesi ya kujibu. Anakutwa kwenye madoa ya wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 wa pumu ya ngozi, na mwaka 2023 kundi la Isaac Chiu wa Harvard lilionyesha kuwa anaweza kuleta muwasho bila msaada wa kinga ya mwili. Anatoa kimeng'enya cha kukata protini, kinachobonyeza kipokezi cha neva. Hila ya upupu ndiyo hiyo hiyo, kwa mlango wa jirani.

Wanasema ngozi iwe nyekundu. Ya mwanangu ni nyeusi tu, imekauka.

Wekundu ni dalili iliyoandikwa na waliozoea kuangalia ngozi nyeupe. Kwetu sehemu iliyowaka huwa ya kahawia iliyokoza, ya zambarau au ya kijivu, mara nyingi na vijipele vidogo kwenye mashina ya vinyweleo. Ipapase: ina joto, inakwaruza, na pakikunwa muda mrefu panakuwa pagumu na mistari ya ngozi inaonekana wazi.

Hapo hapo, angalia katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono vya wengine nyumbani. Kama watu wawili watatu wanawashwa usiku, huenda ni upele wa utitiri, na huo unatibiwa nyumba nzima kwa siku moja.

Nimpake nini sasa?

Mafuta, kwa wingi, kila siku, hata siku ambayo ngozi ni nzuri. Aoge kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato, asisuguliwe na dodoki. Umkaushe kwa kumgusagusa na taulo, umpake ngozi ikiwa bado na umajimaji. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha kabisa. Walio pwani wanaweza kutumia mafuta safi ya nazi. Utafiti wa Ufilipino wa mwaka 2008 uliyalinganisha na ya zeituni kwa wagonjwa watu wazima, na ya nazi yalimpunguza zaidi yule bakteria.

Madoa yakiwaka, krimu ya steroidi ndiyo inayozima uvimbe, na uvimbe ukizimika muwasho nao hupungua. Naziunga mkono bila kusita, mradi mtaalamu amechagua nguvu yake: ya usoni si ya mguuni. Ninachokikataa ni tyubu zenye dawa tatu ndani yake, unazopewa dirishani bila hata mtu kuiona ngozi, na krimu za mkorogo zenye steroidi kali. Zinachakaza ngozi ya mtoto na kuificha fangasi.

Na wa kumwona si lazima awe daktari bingwa wa mjini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Ulizia kama hospitali ya mkoa wako inaye mmoja.

Kuna sindano mpya nasikia.

Zipo. Dupilumabu iliidhinishwa Marekani 2017, na nemolizumabu, inayoziba njia ya interleukini 31, kemikali ya kinga ya mwili iletayo muwasho, iliidhinishwa huko kwa ugonjwa huu Desemba 2024. Bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Usiku akianza kujikuna, nifanye nini pale pale?

Usimwambie "acha" tu. Mpe mkono wake kazi nyingine. Mwekee kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kawaida kwa dakika chache, kisha mpake mafuta tena. Mfundishe kubonyeza mahali panapowasha kwa kiganja badala ya kucha. Kucha zikatwe fupi na kulainishwa kingo. Ukiona maji ya njano yanayoganda, homa, au malengelenge madogo ya maumivu yaliyojikusanya pamoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa yule mtoto amemshonea gauni la kulalia kwa kanga kuukuu, mikono mirefu, mwisho wake umefungwa kama mfuko. Kanga iliyofuliwa miaka mitano ni laini kuliko nguo nyingi za dukani.