Kuchora jani kwenye pakiti si alama ya mazingira

Mwenye kiwanda cha sabuni hapa Kampala ameniuliza swali nililokwisha kulijibu mara nyingi mno: bidhaa yake ina alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwa nini basi asiongeze jani la kijani na maneno "rafiki wa mazingira"?

Kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Alama ya Q inathibitisha kwamba bidhaa imefikia kiwango chake. Alama ya mazingira ni ya hiari, na hupewa bidhaa zinazowazidi wenzao wa aina ileile. Ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hulenga takriban asilimia 10 hadi 20 bora sokoni. Na jani la kujichorea? ISO 14021, kiwango cha kimataifa cha madai ya mazingira, inakataza waziwazi madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira".

Hatua za kuunda alama ya mazingira zinajulikana tangu Ujerumani ilipoanzisha yake, Blauer Engel, mwaka 1978, na ISO 14024 imeziweka wazi: chagua kundi la bidhaa, kusanya wadau, andika vigezo, pokea maoni ya umma, kagua kupitia mtu asiyefungamana na muuzaji, kisha pitia vigezo upya kila baada ya muda.

Kazi iko kwenye vigezo, na hapo ndipo watu wanapotaka kunakili vya Ulaya. Kule mzigo mkubwa wa sabuni ya kufulia uko kwenye umeme wa kupasha maji ya mashine, kwa hiyo vigezo vyao vinasisitiza kufua kwa joto la chini. Huku wengi wetu tunafua kwa mkono, kwa maji baridi, na povu linamwagwa mtaroni. Mtaro wa Nakivubo unaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji inavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo! Kwetu kigezo cha kwanza ni fosfati inayorutubisha mwani ziwani, kisha kemikali za povu: zinaoza au haziozi?

Hata hapo nina shaka. Kipimo cha kimataifa cha uozaji, OECD 301, kinaipa kemikali siku 28, na kwa njia zake kadhaa hutaka ioze kwa asilimia 60. Maji ya Nakivubo hayakai siku 28 njiani. Kemikali iliyofaulu maabara inaweza kufika ziwani ingali nzima, na sijaona kamati iliyolijibu hilo kwa namna ya kuniridhisha.

Shaka ya pili ni gharama. Tukimdai kila mtengenezaji vipimo vyote, wa mtaa wa Katwe hapa Kampala anayepika sabuni kwenye mapipa atabaki nje, na alama itakuwa ya wenye maabara na ya bidhaa za kuagizwa. Ulaya walipunguza mzigo huu kwa orodha ya DID: kila kiambato cha kawaida kimeshawekewa takwimu zake za sumu na uozaji, mtengenezaji anapiga hesabu kutokana na mapishi yake bila kupima upya. Mimi ningeanza na orodha ya namna hiyo kwa malighafi zinazoingia Uganda, ilipiwe na serikali, na iwe wazi kwa kila mpika sabuni kabla kamati haijakaa kujadili kiwango cha fosfati.