Nani humwuliza nani? Dhana potofu kuhusu maarifa na mawasiliano kazini

Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa ujuzi. Uyole kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, Mbimba kule Mbozi kuna kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, Mbeya mjini kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na vyama vya ushirika vina wazee walioijua chai na kahawa tangu ujana wao. Shida ni kwamba anayejua na anayehitaji kujua wanaweza kumaliza msimu mzima chini ya paa moja bila kuulizana. Uchambuzi wa mitandao ya mawasiliano hulifichua jambo hilo: unachora ramani ya nani humwuliza nani, kisha unatafuta palipokatika. Imani zinazoizunguka kazi hii ni nyingi, na baadhi zina madhara.

"Chati ya uongozi ipo ukutani, inatosha"

Chati inakuambia nani anasaini na nani anaripoti kwa nani. Haikuambii mtu akikwama saa nne asubuhi anamkimbilia nani.

Chukulia chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi: bodi, meneja, mhasibu, karani wa mizani, wahudumu wa mtambo wa kumenya kahawa na wasimamizi wa vichanja vya kuanikia. Kila mmoja apewe karatasi yenye swali moja: "Msimu huu, ulipopata tatizo la kazi, ulimwuliza nani?" Majina yaandikwe kwenye bango kitita, kisha uchorwe mshale kutoka kwa aliyeuliza kwenda kwa aliyeulizwa.

Usishangae mishale mingi ikiishia kwa karani wa mizani. Kila mkulima anapita mikononi mwake. Ndiye anayeona gunia lililochanganywa kahawa mbivu na mbichi, anayesikia kwa nini mtambo ulisimama jana, anayejua chulebuni, ugonjwa wa kahawa, umeanza kijiji gani. Bodi inaweza kukaa vikao vyake vyote bila kumwita hata mara moja. Huenda pia ukaona wasimamizi wa vichanja wanaulizana wao kwa wao tu, bila mshale hata mmoja kati yao na watu wa mtambo. Kahawa iliyochacha kupita kiasi wanaigundua ikiwa tayari kichanjani, na habari hairudi kwa yule aliyeichelewesha kwenye tangi la kuchachushia. Ubora unashuka, mnunuzi analalamika, bodi inaagiza mafunzo kwa wote. Kumbe kilichohitajika ni watu wawili kuonana dakika kumi kila asubuhi.

Wala hauhitaji mitambo ya gharama kufanya hivi. Jacob Moreno, daktari wa magonjwa ya akili, alichora ramani za aina hii kwa mkono huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipochunguza wasichana waliokuwa wakitoroka shule moja ya Hudson, jimbo la New York. Alionyesha kuwa mahali pa msichana katika mtandao wa urafiki palieleza utoro kuliko tabia yake binafsi. Kwa chama cha watu 30, karatasi na kalamu vinatosha. Wakiwa mamia, zipo programu za bure kama Gephi.

"Mawasiliano yakiongezeka, maarifa yataenea"

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Mambo yakikwama, tunafungua grupu lingine la WhatsApp na kuongeza kikao cha Jumatatu. Watu 40 wana jozi 780 zinazoweza kuongea. Hakuna mahali pa kazi panapoweza kuzibeba zote, na hakuna haja. Swali la maana ni jozi zipi zinakosekana.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Harold Leavitt alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa vikundi vya watu watano. Vikundi vingine vilipitisha ujumbe wote kwa mtu mmoja wa katikati, vingine vilizungusha kama duara. Katika kazi nyepesi, vile vyenye mtu wa katikati vilikosea mara chache kuliko vya duara, ingawa watu wa pembeni hawakuifurahia kazi. Majaribio yaliyofuata, ya wengine, yalionyesha kuwa tatizo likiwa gumu, mpangilio wa wazi hufanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo anza na kazi yenyewe. Majani mabichi ya chai ya Rungwe au Mufindi yakishachumwa hayasubiri. Ratiba ya malori iwe mikononi mwa mtu mmoja anayesikilizwa na wote. Lakini viazi vikioza ghalani Njombe na sababu haijulikani, mkulima, mtunza ghala, dereva na bwana shamba lazima wasikilizane moja kwa moja, bila meneja kuchuja maneno.

"Ubunifu hutoka kwenye timu iliyoshikamana"

Timu iliyoshikamana ina thamani kubwa, ila watu wanaoonana kila siku mara nyingi wanajua mambo yaleyale. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia wanaofahamiana nao: takribani 17 tu kwa kila 100 walipata habari kwa mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Wengi waliambiwa na watu wa mbali kidogo. Mwaka 2004 mwanasosholojia mwingine, Ronald Burt, alionyesha, katika kampuni moja kubwa ya elektroniki Marekani, kwamba mameneja waliounganisha makundi yasiyoongea ndio ambao mawazo yao yalionekana bora na wakubwa.

Morten Hansen, mtafiti wa uongozi wa kampuni, alisema jambo mwaka 1999 ambalo naona linasahaulika mno: uhusiano wa mbali husaidia kutafuta maarifa, lakini maarifa magumu hayahami bila ukaribu. Jina la aina mpya ya maharage unaweza kulipata kwa mtu uliyekutana naye mara moja kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Ustadi wa kuonja kahawa huupati hivyo. Utakaa na anayejua, kikombe baada ya kikombe, kwa wiki nyingi.

"Siku hizi kuna simu, umbali si kitu"

Mtafiti Thomas Allen alionyesha mwaka 1977 kwamba wahandisi hupunguza sana kuongea meza zao zikitengana mita 30 hivi tu. Simu hupigiwa zaidi yule unayeonana naye. Tawi la mbali litembelewe.

"Anayeulizwa sana aongezewe majukumu"

Mwenye mishale mingi mara nyingi ameshalemewa. Watu wanamsubiri, kazi zinalala mezani kwake, na siku akipata uhamisho au kustaafu, nusu ya ofisi inabaki haina wa kumwuliza. Mpunguzie kazi ndogondogo, kisha umpe vijana wawili wa kumfuata hatua kwa hatua.

"Hii ni njia ya kuwapeleleza wafanyakazi"

Inaweza kugeuzwa kuwa hivyo, na hofu hiyo iheshimiwe. Mwenye mishale michache si mvivu: huenda ni mgeni, huenda anafanya zamu ya usiku, huenda hakuna aliyewahi kumkaribisha. Ramani ikitumika hata mara moja kumnyima mtu cheo, safari ijayo watu watajaza majina ya wakubwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zitumike kwa lengo hilo. Elezeni lengo kabla ya kugawa karatasi, msifungue meseji za mtu, majina yasibandikwe ukutani.

Na ramani ionwe kwanza na waliojibu. Wao ndio watakaosema mshale upi umekosewa, na nani hayumo kwa sababu si mwajiriwa: mstaafu anayekaa nyuma ya ghala, ambaye mafundi wa mtambo humfuata kila mashine inapogoma. Huyo naye aingizwe.