Je, wajua? Sahihi ya kabla ya ajali ni nyepesi kuliko ya baada yake

Ukienda kupanda Kilimanjaro, kupiga mbizi Nungwi au kujiunga na jimu, utaletewa fomu: kampuni haitawajibika kwa ajali, jeraha wala kifo. Wengi hutia sahihi wakiamini kwamba wameshaachia kila dai. Sivyo, na inafaa kujua kwa nini.

Sheria za mikataba za Kenya na Tanzania zina mizizi Uingereza. Kenya ilipokea kanuni za huko, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilifuata sana ile ya India ya 1872, iliyotungwa chini ya utawala wa Waingereza. Kwa hiyo kesi za zamani za kule bado zinatupa mwanga.

Ya mwaka 1934 ni kali. Mama mwenye mkahawa mjini Llandudno, Wales, alinunua mashine ya kuuzia sigara, akatia sahihi bila kusoma maandishi madogo. Mashine ikagoma, naye akashindwa kesi kwa sababu sahihi ilikuwa yake. Lakini mwaka 1951 mteja mwingine alishinda. Alipeleka gauni la harusi kwa dobi, akauliza kwa nini atie sahihi, akajibiwa kwamba karatasi inahusu shanga na mapambo tu. Kumbe ilikuwa inamkinga dobi dhidi ya uharibifu wa kila aina. Gauni lilirudi na doa, na mahakama ikasema aliyemweleza mteja vibaya hawezi kujificha nyuma ya sahihi hiyo. Mwaka 1971 ikaamuliwa pia kwamba masharti unayoyakuta baada ya kupokea tiketi ya maegesho yamechelewa.

Juu ya hayo kuna madhara ambayo fomu haiwezi kuyafuta. Tangu sheria ya 1977, mfanyabiashara wa Uingereza hawezi kukwepa kwa mkataba dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya usalama na ya fidia kwa huduma mbovu. Tanzania nayo, mkataba unaopingana na maslahi ya umma ni batili. Fomu ya mlimani inaweza kusema ulijua kuwa kileleni, mita 5,895, hewa ni nyembamba. Hiyo ni hatari ya mlima wenyewe. Mwongozaji anayekuona unatapika na kuyumba, kisha akakusukuma uendelee kupanda, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo anayeandaa fomu aandike kwa lugha ya mteja, ataje hatari kwa majina yake, aitoe kabla ya malipo, na amsomee asiyejua kusoma. Na akate bima, maana fomu haimlipi mtu yeyote.

Karatasi ya kuogopa ni ile ya baada. Umegongwa na gari ukiwa kwenye pikipiki yako, uko wodini na mguu umefungwa plasta, anakuja mtu wa bima na hundi na hati yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Hii ina nguvu kwa sababu ajali imeshatokea, unapokea fedha kama badala ya dai lako, na mahakama hupenda migogoro iishe. Ukitaka kuivunja itabidi uthibitishe udanganyifu, vitisho au ushawishi usiofaa, na hilo ni gumu. Usikubali kuharakishwa: kwa kawaida dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3 Kenya na Tanzania. Subiri daktari aseme kama kuna upasuaji mwingine. Tenganisha malipo ya pikipiki na ya mwili, kisha angalia ni nani hasa anayeachiliwa, maana mara nyingi dereva, mwenye gari na bima wote wamo humo. Kama huna wakili, yako mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria jijini Nairobi au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Dar es Salaam.

Aliyeumia akiwa mtoto ana ulinzi zaidi. Kesi yake ikishafika mahakamani, mzazi au mlezi anayemwakilisha hawezi kuimaliza kwa makubaliano bila ruhusa ya mahakama, hata kama kiasi anachopewa kinamridhisha.