Mateka wa In Amenas: yanayosemwa na yaliyotokea

Alfajiri ya Januari 16, 2013, basi lililokuwa likiwapeleka wafanyakazi wa mtambo wa gesi wa Tigantourine kwenye uwanja wa ndege wa In Amenas, kusini-mashariki mwa Algeria, lilishambuliwa na wapiganaji wenye silaha, ambao kisha waliingia mtamboni na kuwateka wafanyakazi. Mpaka jeshi la Algeria linamaliza operesheni yake dhidi ya watekaji siku ya nne, mateka wapatao 40 walikuwa wamekufa. Kila panapozuka habari ya mateka mahali, kisa hiki hutolewa mfano, na mara nyingi husimuliwa kimepinda.

Dhana: Mataifa ya nje yaliilaumu Algeria kwa sauti moja.

Si kweli. David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alieleza bungeni masikitiko yake kwamba hakuarifiwa mapema kuwa jeshi la Algeria lingeshambulia. Alipata habari mashambulizi ya jeshi yakiwa yameshaanza. Shinzo Abe, Waziri Mkuu wa Japani, alipiga simu Algiers, mji mkuu wa Algeria, akisihi uhai wa mateka utangulizwe. Lakini François Hollande, Rais wa Ufaransa wakati huo, aliitetea Algeria. Ikumbukwe kuwa watekaji walidai Ufaransa isitishe vita yake Mali, iliyokuwa na siku tano tu.

Dhana: Algeria ilikurupuka kwa sababu haikujali roho za watu.

Hapa panahitaji utulivu. Nchi hii ilipitia miaka ya 1990 ikizika watu wake kwa maelfu. Desemba 1994 ndege ya Air France ilitekwa ikiwa Algiers, abiria watatu wakauawa kabla haijaruka kwenda Marseille. Aprili 2012 wanadiplomasia wake walitekwa mjini Gao, Mali. Tena Algeria ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele Umoja wa Mataifa kutaka magaidi wasilipwe kikombozi, wakati baadhi ya serikali za Ulaya zikilaumiwa kwa kulipa kichinichini. Kwa hiyo msimamo wa kutokaa mezani na watekaji haukuzuka siku ile.

Ila msimamo huo hauelezi kila kitu. Januari 17 watekaji waliwapakia mateka kwenye magari ili kuwahamisha kutoka makazi ya wafanyakazi, wengine wakiwa wamefungwa vilipuzi shingoni. Helikopta za jeshi zikayafyatulia magari hayo. Raia mmoja wa Ireland, aliyekuwa na kilipuzi shingoni, alinusurika baada ya gari lake kupata ajali, akatimua mbio. Wenzake kwenye magari mengine hawakuwahi kushuka. Waziri Mkuu wa Algeria wakati huo, Abdelmalek Sellal, alisema watekaji walitaka kuwatorosha mateka nje ya nchi. Huenda ni kweli. Lakini kukataa kujadiliana ni jambo moja, na kulipiga gari ambalo ndani yake wamefungwa watu unaotaka kuwaokoa ni jambo jingine kabisa. London na Tokyo walipouliza kuhusu hilo, waliuliza jambo la haki.

Dhana: Kukosoa ni kuingilia mambo ya ndani ya nchi.

Japani pekee ilipoteza watu 10. Serikali isiyouliza raia wake wamekufaje imewatupa wafiwa wake. Na swali halikuvunja undugu: kabla Januari haijaisha Cameron alikuwa Algiers, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza kuzuru nchi hiyo tangu ipate uhuru mwaka 1962.

Dhana: Kosa lilianza jeshi lilipofyatua risasi.

Lilianza mapema zaidi. Uchunguzi wa kampuni ya Statoil ya Norway, mmoja wa wabia wa mtambo ule, uliotolewa Septemba 2013, ulisema wanajeshi waliopaswa kulinda eneo la nje hawakuwagundua wala kuwazuia washambuliaji. Haukuishia hapo. Ulisema pia kwamba kampuni zenyewe ziliegemea mno ulinzi huo, wala hazikuwahi kuwazia kundi kubwa lenye silaha likifika hadi mlangoni.

Mlangoni palikuwa na mlinzi, Mwalgeria. Alibonyeza king'ora, kisha akapigwa risasi akafa. Kwa king'ora kile wenzake, Waalgeria na wageni, walipata dakika za kujificha, na wengine wao wakatoka hai. Wanaoitetea serikali hawamtaji, na wanaoilaumu hawamtaji.