Kwa nini kipimo cha mzio hakitabiri ukali wake?

Watoto wawili wamepimwa damu kuona kama wana mzio wa karanga. Majibu ya wa kwanza ni 60, ya wa pili ni 2. Mzazi yeyote akiiona karatasi hiyo atamhofia yule wa 60. Lakini inawezekana kabisa wa 60 akila karanga atokwe na vipele mgongoni na mambo yaishie hapo, huku wa 2 akikimbizwa hospitali pumzi zikimkatika. Na maabara haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali jingine.

Kinachohesabiwa pale ni kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili ya watafiti: Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na wenzao wa Uppsala, Sweden. IgE hujibandika kwenye seli za kinga ziitwazo seli za masti, ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Protini ya chakula ikizinasa IgE mbili zilizo jirani kwa pamoja, seli humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Hapo ndipo yanapoanza muwasho, uvimbe, kubanwa kifua na, hali ikiwa mbaya, presha kuporomoka.

Kipimo cha ngozi nacho huchungulia jambo lilelile. Mhudumu hudondosha tone lenye protini ya chakula kwenye mkono, hudonoa ngozi kwa ncha kali kupitia tone hilo, husubiri kama dakika 15, kisha huchukua rula na kupima uvimbe ulioinuka. Ukifika milimita 3, kipimo ni chanya. Kwa mtoto aliyewahi kudhurika na karanga, milimita 8 huwatosha madaktari wengi kusema ana mzio bila haja ya kumlisha tena. Hapa ndipo watu wengi hupotoka. Uvimbe mkubwa huongeza uhakika kwamba mzio upo. Haumaanishi kwamba mzio wenyewe ni mkali.

Sababu ya kwanza ni kwamba karanga si kitu kimoja. Ina protini kadhaa, na inategemea IgE yako inalenga ipi. Ara h 2, mojawapo ya protini za akiba ya mbegu, hustahimili moto na asidi ya tumbo, kwa hiyo huweza kuingia kwenye damu ikiwa bado ina nguvu na kuzunguka mwili mzima. Ara h 8 inafanana na protini iliyo kwenye chavua ya mbetula, mti wa nchi za baridi, nayo huvunjika upesi. Mwenye mzio wa hiyo peke yake mara nyingi huwashwa mdomo tu. Ndiyo maana siku hizi maabara hupima protini moja moja. Inasaidia, ingawa bado ni dokezo tu.

Sababu ya pili ni breki za mwili. Moja ya kemikali zinazomwagwa ni PAF, na damu ina kimeng'enya cha kuivunja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wenye kiwango kidogo cha kimeng'enya hicho ndio walioelekea kupata mshtuko mkali zaidi wa mzio. Kuhesabu IgE hakukuonyeshi hilo.

Halafu kuna siku yenyewe, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Nchini Uingereza, watu wazima wenye mzio wa karanga walilishwa karanga kwa dozi zinazopanda polepole, madaktari wakiwa kando. Walirudia zoezi hilo mara nyingine baada ya kunyimwa usingizi, na mara nyingine wakifanya mazoezi. Kwa hali zote mbili, kiasi cha karanga kilichotosha kuwadhuru kilipungua kwa karibu asilimia 45. Mtu ni yuleyule na damu ni ileile, ila usiku uliopita hakulala. Pombe, homa, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo huweza kuzidisha hali. Wapo hata watu wanaokula mkate bila shida na kukimbia bila shida, lakini wakila mkate kisha wakakimbia, wanaanguka.

Kwa hiyo kusema "mara iliyopita nilipata vipele tu" si kinga. Katika uchunguzi wa vifo uliofanywa Uingereza, wengi waliouawa na chakula walikuwa hawajawahi kupata mzio mkali kabla ya siku hiyo, na kwa kawaida ilichukua kama dakika 30 tu tangu kula hadi pumzi au moyo kusimama. Kinachojirudia katika vifo vya aina hii ni pumu, hasa isiyodhibitiwa vizuri, na kuchelewa kwa sindano ya adrenalini, dawa inayofungua njia ya hewa na kupandisha presha.

Je, kumlisha mtu chakula hicho hospitalini si kungemaliza ubishi? Kunathibitisha kama mzio upo, na hakuna kipimo cha uhakika zaidi kwa hilo. Ila daktari husimamisha zoezi mara dalili za wazi zinapojitokeza, kwani hakuna atakayemwacha mgonjwa aendelee ili aone mwisho wake. Kuna pia kipimo kipya kinachotumia seli hai za damu, basofili, ambazo huchokozwa kwa protini ya chakula ili ionekane zinafumka kwa nguvu kiasi gani. Kinatia moyo, lakini damu lazima iwe mbichi na maabara zenye uwezo huo ni chache.

Ndiyo maana madaktari hawasubiri namba iwaambie nani atazidiwa. Mwenye mzio wa chakula unaoweza kuleta mshtuko hupewa sindano ya adrenalini atembee nayo, hata kama namba yake ni 2. Huchomwa pajani, upande wa nje, mara tu kupumua kunapoanza kuwa taabu au kizunguzungu kinapoingia. Mgonjwa alazwe chali, au akae kama anahema kwa shida, na asisimamishwe ghafla. Vidonge vya kuzuia histamini hupunguza muwasho tu. Havifungui njia ya hewa wala havipandishi presha. Baada ya sindano aende hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.