Gharama za mwingiliano: bei iliyojificha ndani ya bei ya simu

Gharama za mwingiliano ni malipo ambayo kampuni moja ya simu huilipa nyingine ili simu iliyopigwa na mteja wa kampuni ya kwanza imfikie mteja wa kampuni ya pili. Mpigaji hayaoni malipo hayo popote, si kwenye salio wala kwenye bando, lakini yamo ndani ya kila dakika anayopiga kwenda mtandao mwingine. Ukiyaelewa, utaelewa pia kwa nini nchi inaweza kuwa na kampuni nne au tano za simu na bei zikabaki juu.

Tumezoea kuamini kwamba wauzaji wakiwa wengi bei hushuka. Katika simu imani hiyo hukwama mahali pamoja. Anayetaka kumpigia ndugu yake hana budi kupitia mtandao ambao ndugu huyo amesajili laini yake, kwa hiyo kila kampuni, hata iliyoanza jana, imehodhi mlango wa kuwafikia wateja wake. Anayelipia mlango huo si mteja wake bali ni mteja wa mshindani, na hakuna mfanyabiashara anayeharakisha kupunguza bei ambayo wateja wake mwenyewe hawailipi. Kampuni kubwa hunufaika zaidi: huwauzia wateja wake simu za ndani ya mtandao kwa bei nafuu, huku kampuni ndogo, ambayo simu nyingi za wateja wake huishia nje, ikilazimika kulipa mlangoni kila mara. Watu nao huenda waliko wenzao, na kubwa huzidi kuwa kubwa.

Hapo ndipo anapoingia mdhibiti, yaani mamlaka ya nchi inayosimamia kampuni za simu. Hukokotoa gharama halisi ya kupokea dakika moja ya simu katika mtandao unaoendeshwa kwa ufanisi, kisha huweka ukomo wa malipo ya mwingiliano na kuushusha kwa awamu. Hesabu hiyo kwa kawaida hutoa kiasi kidogo mno, kwa sababu mnara umekwisha kujengwa na dakika moja zaidi haiuongezei mzigo mkubwa.

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni wa Kenya. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilishusha gharama za mwingiliano kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na mara moja kampuni moja iliyokuwa nyuma sokoni ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Kabla ya hapo bei hiyo isingewezekana bila hasara, kwa kuwa malipo ya mlangoni peke yake yalizidi shilingi 3. Tume haikumwamuru mtu auze kwa bei hiyo. Iliondoa kizuizi, na ushindani ukafanya yaliyobaki. India ilikwenda mbali zaidi: malipo hayo yalipunguzwa kutoka paisa 14 hadi 6 kwa dakika (paisa ni sehemu ya mia ya rupia) mnamo Oktoba 2017, na kuanzia Januari 2021 yakafutwa kabisa, kila kampuni ikabaki na mapato ya simu za wateja wake.

Mlango wa pili ni namba yenyewe. Mteja anayejua kwamba akihama atapoteza namba anayofahamika nayo kwa jamaa na wateja wake huvumilia bei mbaya kwa miaka. Ndiyo maana wadhibiti wengi hulazimisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, ingawa huduma hiyo husaidia tu pale utaratibu wa kuhama unapokuwa mwepesi.

Kupanga moja kwa moja bei anayolipa mwananchi ni hatua ya mwisho, na inafaa pale ambapo hakuna mshindani wa kweli. Uingereza ilipobinafsisha kampuni yake ya simu, British Telecom, mwaka 1984, wastani wa bei za huduma zake kuu ulifungwa kwa kanuni ya kiwango cha mfumuko wa bei kutoa asilimia 3, yaani kampuni ilitakiwa kushusha bei halisi (bei ikishaondolewa mfumuko) kila mwaka kana kwamba kuna mtu anayeishindania.

Ushindani nao huweza kujila. Kampuni ya Jio ilipoingia sokoni India mwezi Septemba 2016, bei ya data iliporomoka, na katika miaka michache kampuni kadhaa zilifunga au kuungana, hadi zikabaki tatu kubwa za binafsi pamoja na za serikali. Mnamo Desemba 2019 hizo tatu zilipandisha bei ndani ya juma moja. Mdhibiti anayetazama bei ya leo tu anaweza kushangilia mwenendo unaompunguzia washindani wa kesho.

Kadiri watu wanavyopigiana kwa intaneti, gharama za mwingiliano wa sauti hupungua uzito. Mlango umehamia kwenye mkongo wa baharini, minara na masafa ya mawimbi ya simu, na kampuni inayomiliki mkongo huku ikiuza pia bando kwa wananchi huweza kuwauzia washindani wake njia kwa bei inayowafunga mikono. Kwa sababu hiyo masharti ya kutumia minara kwa pamoja na kuuza njia za mkongo kwa bei sawa kwa wote sasa yanagusa bei ya bando kuliko ukomo wowote wa dakika za simu.